Muuguzi, Mfuatiliaji na Ofisi: Utii Kazini katika Utafiti wa Kaswende wa Tuskegee, 1932–1972

Utangulizi

Tarehe 25 Julai 1972 gazeti la Washington Star lilichapisha habari iliyoandikwa na Jean Heller wa shirika la habari la Associated Press. Kesho yake habari hiyohiyo ilikuwa katika ukurasa wa kwanza wa New York Times. Heller alieleza kwamba kwa muda wa miaka 40 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilikuwa imewafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende katika wilaya ya Macon, jimbo la Alabama, bila kuwapa tiba, ili kujua ugonjwa huo ukiachwa ungefanya nini ndani ya mwili wa binadamu mpaka kifo. Waliokuwa bado hai walikuwa wazee. Baadhi yao waliujua ukweli kuhusu miili yao wenyewe kutokana na waandishi wa habari.

Historia ya utafiti huu imeandikwa kwa mapana, hasa na James H. Jones katika kitabu chake cha mwaka 1981 na Susan Reverby katika kitabu chake cha mwaka 2009. Katika maandiko mengi swali linaloulizwa ni jinsi sayansi na ubaguzi wa rangi vilivyoshikana mikono. Swali hilo ni la haki, na majibu yake yamepatikana kwa sehemu kubwa. Makala hii inauliza swali dogo zaidi: utafiti huu uliwezaje kuwa kazi ya kila siku? Kabla ya kuwa kashfa, utafiti wa Tuskegee ulikuwa ajira. Ulikuwa na mishahara, safari, fomu, ripoti za kitaalamu, tuzo za utumishi bora na kustaafu kwa heshima. Watu waliuacha jioni wakarudi nyumbani.

Wafanyakazi wawili wa utumishi huo wanapewa nafasi ya mbele. Wa kwanza ni muuguzi Eunice Rivers, aliyeutumikia utafiti tangu 1932 hadi alipostaafu mwaka 1965. Wa pili ni Peter Buxtun, aliyeajiriwa na idara hiyohiyo mjini San Francisco mwaka huohuo wa 1965, na ambaye malalamiko yake ndiyo yaliyoufikisha utafiti huu gazetini. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba tofauti ya wawili hao haielezeki vyema kwa kupima nani alikuwa na dhamiri na nani hakuwa nayo. Inaelezeka zaidi kwa kuangalia kila mmoja alisimama wapi, alimtegemea nani, na swali la haki ya mgonjwa lilikuwa juu ya meza ya nani. Kama itakavyoonekana, kwa muda mrefu halikuwa juu ya meza ya mtu yeyote.

Macon na chimbuko la utafiti

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wilaya ya Macon ilikuwa na wakazi takriban 27,000, zaidi ya asilimia 80 wakiwa watu weusi. Wengi walilima pamba katika mashamba ya watu wengine kwa kugawana mazao na mwenye shamba, mpango ulioziacha familia nyingi zikidaiwa mwaka hadi mwaka. Daktari alikuwa ni mtu wa kulipwa, na fedha ya kumlipa haikuwapo. Hata hivyo, wilaya hiyohiyo ilikuwa na Taasisi ya Tuskegee, iliyoanzishwa mwaka 1881 chini ya uongozi wa Booker T. Washington, pamoja na hospitali yake ya John A. Andrew, ambayo wafanyakazi wake walikuwa weusi. Kwa hiyo Macon ilikuwa na mambo mawili ambayo ni nadra kukutana: umaskini mkubwa wa tiba, na taasisi ya kitabibu iliyoaminiwa na maskini hao.

Kabla ya utafiti kulikuwa na mradi wa tiba. Mfuko wa Rosenwald, ulioanzishwa na tajiri wa Chicago aliyejishughulisha sana na elimu ya watu weusi wa Kusini, ulifadhili upimaji na matibabu ya kaswende katika wilaya sita. Katika Macon zaidi ya theluthi moja ya waliopimwa walikutwa na ugonjwa. Kisha mdororo wa uchumi ukaumeza ufadhili, na mradi ukafungwa kabla ya kuwatibu watu hao inavyotakiwa. Jambo hili ni la kukumbukwa, kwa sababu utafiti uliofuata uliota juu ya mabaki ya mradi wa kutibu. Watu walikuwa wamezoea kuitwa, kutolewa damu na kupewa dawa na serikali. Walipoitwa tena hawakuwa na sababu ya kudhani kwamba safari hii nia ilikuwa nyingine.

Taliaferro Clark, mkuu wa kitengo cha magonjwa ya zinaa cha Idara ya Afya ya Umma, aliyatazama matokeo ya Macon mwaka 1932 akaona fursa. Kwa kuwa wagonjwa hao wasingetibiwa, aliona hali yenyewe imejiandaa kwa uchunguzi: kilichobaki ni kuwatazama. Muda aliokusudia haukuzidi mwaka mmoja. Hoja hii ya kwamba wasingetibiwa kwa vyovyote ndiyo nguzo ya kimaadili ya utafiti wote, na kwa mwaka 1932 ilikuwa na chembe ya ukweli ndani yake. Tiba ya wakati huo ilikuwa ya zebaki na dawa zenye arseniki, ilichukua zaidi ya mwaka mzima, na wakulima wa Macon wasingeweza kuigharimia. Kilichofichwa na hoja hiyo ni kwamba kutotibiwa kwao hakukuwa hali ya hewa. Idara iliyokuwa ikisema hawatatibiwa ndiyo idara iliyokuwa na wajibu wa kuwatibu.

Clark alipostaafu mwaka 1933, mrithi wake Raymond Vonderlehr aliurefusha utafiti bila kikomo. Walioandikishwa walifikia 600: wanaume 399 wenye kaswende na 201 wasio nayo kwa ajili ya kulinganisha. Hawakuambiwa jina la ugonjwa. Waliambiwa wana “damu mbaya”, usemi wa mtaani uliobeba maradhi mengi, kuanzia upungufu wa damu hadi uchovu. Msomaji anayejua Waswahili wanavyotumia usemi wa “damu chafu” ataelewa upesi jinsi neno la namna hiyo linavyoweza kusema jambo na kulificha kwa wakati mmoja. Mwaka 1933, madaktari walipotaka kuwatoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano, kipimo chenye maumivu na kisichoponya chochote, wagonjwa walipelekewa barua iliyokiita kipimo hicho tiba maalumu ya bure na kuwahimiza wasiikose nafasi hiyo ya mwisho.

Kazi ya muuguzi

Eunice Rivers alizaliwa mwaka 1899 katika jimbo la Georgia, akahitimu uuguzi Tuskegee mwaka 1922. Kwa miaka kadhaa alizunguka vijijini na shule tembezi ya Tuskegee, gari lililobeba mafundisho ya kilimo, usafi na malezi hadi kwenye nyua za wakulima. Aliijua Macon kwa njia zake na kwa majina ya watu wake. Mdororo wa uchumi ulimwondoa katika ajira ya jimbo, na mwaka 1932 alikuwa msimamizi wa zamu ya usiku katika hospitali ya John A. Andrew. Dk. Eugene Dibble, mkuu wa hospitali hiyo, alimpendekeza kwa madaktari wa serikali waliohitaji mtu wa kuwaunganisha na wenyeji. Rivers mwenyewe alieleza baadaye kwamba alikuwa na hamu kubwa ya kutoka katika zamu ya usiku. Sababu hiyo ni ya kawaida sana, na ndiyo maana haifai kupuuzwa: milango mingi ya aina hii huingiwa kwa sababu za kawaida.

Madaktari wa serikali walikuja na kuondoka. Vijana waliotoka Washington, na baadaye Atlanta, walikaa majuma machache ya uchunguzi kisha wakahamishiwa kwingine. Rivers alibaki. Ndiye aliyejua mgonjwa gani amehamia shamba gani, nani amefiwa, nani hana viatu vya kuendea kliniki. Aliwachukua kwa gari la serikali lenye nembo mlangoni, na kwa wakulima wa miaka ile kupita mbele ya majirani ndani ya gari hilo kulikuwa ni heshima. Aliwapa aspirini na dawa ya maji yenye madini ya chuma. Aliwasikiliza. Wanaume hao walijiona kama wanachama wa chama kimoja, wakakiita kwa jina lake.

Chama hicho kilikuwa na faida moja kubwa kuliko zote, nayo ni mazishi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1930 mfuko wa hisani wa Milbank ulitoa dola 50 za kumzika kila mshiriki aliyefariki, kwa sharti kwamba familia ikubali maiti ichunguzwe. Katika jamii ambayo kuzikwa kwa aibu kulihesabiwa msiba juu ya msiba, dola 50 zilikuwa na uzito mkubwa. Aliyekwenda kuomba idhini hiyo, mara nyingi kwa mjane ambaye machozi hayajamkauka, alikuwa ni Rivers. Mwaka 1953 makala iliyochapishwa katika jarida la Idara ya Afya ya Umma, naye akiwa wa kwanza katika orodha ya waandishi, ilieleza kwamba katika miaka 20 ni familia moja tu iliyomkatalia.

Makala hiyo ya 1953 ni hati ya kushangaza. Imeandikwa kwa upendo. Inaeleza jinsi ya kudumisha imani ya watu katika utafiti mrefu, inaonya madaktari wageni wasiwadharau wenyeji, inasisitiza adabu na uvumilivu. Mtu akiisoma bila kujua kinachochunguzwa ataiona kuwa somo zuri la uuguzi wa jamii. Haki ya mgonjwa kuheshimiwa imo, haki ya mgonjwa kutibiwa haimo. Na penisilini, ambayo John Mahoney alikuwa ameonyesha tangu 1943 kwamba inaiponya kaswende, na ambayo kufikia mwaka 1947 ilikuwa tiba ya kawaida nchini kote, ilikuwa ikipatikana kwa wingi wakati makala hiyo inapigwa chapa.

Je, Rivers alijua? Alijua wagonjwa wana kaswende na alijua hawatibiwi. Katika mahojiano ya miaka ya 1970 alijitetea kwa hoja tatu zinazopaswa kutenganishwa. Hoja ya kwanza ni ya taaluma: wauguzi wa kizazi chake walifundishwa kwamba muuguzi hatambui ugonjwa wala haandiki dawa, bali hufuata maelekezo ya daktari. Hoja ya pili ni ya ulinganisho: wanaume hao waliangaliwa, walipimwa na kutembelewa, jambo ambalo majirani zao hawakulipata. Hoja ya tatu ni ya kitabibu: tiba za zamani zilikuwa za hatari, na madaktari walisema wagonjwa hao walikwisha kuvuka hatua ya kusaidiwa. Hoja ya tatu haikuwa yake. Ilikuwa ya wakubwa wake, naye hakuwa na njia ya kuipima. Ya pili ilikuwa kweli, na ukweli wake ndio unaouma zaidi. Kwa mtu aliyetumia maisha yake kuwatumikia maskini weusi wa Alabama, kuacha kazi kungeiondoa huduma ndogo waliyokuwa nayo bila kuwaletea iliyo kubwa.

Hoja ya kwanza inahitaji kuwekwa ndani ya wakati wake. Mwaka huohuo wa 1953 Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilipitisha kanuni zake za kwanza za maadili. Kanuni hizo zilimtaka muuguzi ayatekeleze maagizo ya daktari kwa akili na kwa uaminifu, na papo hapo zikamtaka akatae kushiriki katika vitendo vilivyo kinyume cha maadili. Amri mbili ziliwekwa bega kwa bega, bila kusema nani ataamua iwapo zimegongana. Ni mwaka 1973 tu ambapo kanuni zilizorekebishwa zilitamka kwamba wajibu wa kwanza wa muuguzi ni kwa watu wanaohitaji huduma yake. Rivers alikuwa amestaafu miaka minane kabla ya hapo, akiwa na tuzo ya utumishi aliyopewa mwaka 1958 na wizara iliyosimamia afya.

Haifuati kutokana na hayo kwamba hakuwa na hatia. Mmoja wa washiriki alisimulia miaka mingi baadaye kwamba aliwahi kufika Birmingham kwa ajili ya matibabu akarudishwa, kwa kuwa jina lake lilikuwa miongoni mwa wasiopaswa kutibiwa. Kuwalinda wagonjwa dhidi ya tiba kulikuwa sehemu ya kazi, na Rivers aliijua kazi yake. Kinachofuata ni kwamba alikuwa mwanamke mweusi wa Alabama ya ubaguzi, mwenye cheo cha chini kuliko wote katika utafiti, na kila mkubwa aliyeweza kumwuliza, akiwemo Dibble aliyekuwa mweusi kama yeye, alikuwa amekwisha kuubariki utafiti huo. Ni rahisi kumhukumu yeye kwa sababu ndiye aliyeonekana. Waliotia saini walikuwa mbali.

Mgawanyo wa majukumu

Mwaka 1941 na 1942 vita viliwaita jeshini baadhi ya washiriki waliokuwa bado vijana. Jeshi liliwapima, likawakuta na kaswende, likawaamuru watibiwe. Idara ya Afya ya Umma iliipatia bodi ya uandikishaji orodha ya majina 256 ya wanaume wasiotakiwa kutibiwa, na bodi ikakubali. Tukio hili dogo linafichua mengi kuliko ripoti nyingi za kisayansi. Hapa hoja ya kwamba wasingetibiwa kwa vyovyote ilikufa. Walikuwa wanakwenda kutibiwa, na serikali ikalipwa gharama ya tiba na serikali yenyewe, ila ofisi moja ikaiandikia ofisi nyingine barua. Hakuna ushahidi kwamba mtu yeyote katika ofisi hizo mbili alijiona anafanya uamuzi wa kimaadili. Mmoja aliandaa orodha, mwingine aliipokea.

Namna hii ya kugawana kazi inaonekana kila mahali katika kumbukumbu za utafiti. Daktari wa uchunguzi alichukua damu, maabara ikasoma vipimo, mtakwimu akahesabu vifo, muuguzi akaomba maiti, mhariri wa jarida akasahihisha jedwali. Utafiti haukuwa siri. Ripoti ya kwanza ilichapishwa mwaka 1936, nyingine zikafuata kwa miongo mitatu. Ripoti ya 1946 ilieleza kwamba kaswende isiyotibiwa ilipunguza matarajio ya kuishi ya wanaume wenye umri wa miaka 25 hadi 50 kwa asilimia 20. Ile ya mwaka 1955 ilieleza kwamba zaidi kidogo ya asilimia 30 ya wagonjwa waliochunguzwa baada ya kufa waliuawa na kaswende iliyoshambulia moyo, mishipa au ubongo. Maelfu ya madaktari walikuwa na uwezo wa kuzisoma takwimu hizo. Sentensi zake zilikuwa za kutendwa: wagonjwa waliachwa, tiba haikutolewa. Sarufi ya aina hii haina mtendaji, na pasipo mtendaji hakuna wa kuulizwa.

Kati ya Desemba 1946 na Agosti 1947, madaktari wa Kijerumani walishtakiwa mjini Nuremberg kwa majaribio waliyowafanyia wafungwa, na hukumu ikaambatana na masharti kumi, la kwanza likiwa ridhaa ya hiari ya mtu anayefanyiwa jaribio. Waendesha mashtaka walikuwa Wamarekani. Kwa maofisa wa Idara ya Afya ya Umma masharti hayo yalihusu wahalifu wa nchi nyingine. John Cutler, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa watetezi wakubwa wa utafiti wa Tuskegee, katika miaka hiyohiyo ya 1946 hadi 1948 alikuwa Guatemala akiongoza majaribio ambamo watu waliambukizwa kaswende kwa makusudi. Reverby ndiye aliyegundua kumbukumbu hizo, zikatangazwa mwaka 2010.

Barua kwa njia ya kiofisi

Mwaka 1965 daktari wa moyo mjini Detroit, Irwin Schatz, alisoma moja ya ripoti akaandika barua fupi kwa waandishi wake, akishangaa iwapo walikuwa wametafakari wajibu wao wa kimaadili. Barua ilipokelewa, ikapachikwa maelezo kwamba haikusudiwi kujibiwa, ikawekwa katika jalada.

Peter Buxtun aliingia kwa mlango mwingine. Alizaliwa Prague mwaka 1937, na familia yake ikahamia Marekani akiwa mtoto mchanga, Ulaya ya kati ilipokuwa ikielekea kuangukia mikononi mwa Hitler. Kazi yake San Francisco ilikuwa kuwahoji wagonjwa wa zinaa na kuwatafuta watu waliokutana nao kimwili ili watibiwe. Yaani alilipwa na serikali kuhakikisha kwamba kila mwenye kaswende anapata penisilini. Siku moja, katika mazungumzo ya wafanyakazi wakati wa kahawa, alimsikia mwenzake akisimulia habari ya mzee wa Alabama aliyepelekwa na jamaa zake kwa daktari, daktari akaitambua kaswende iliyofika ubongoni, akamtibu, kisha akakemewa kwa kumharibu mtu wa utafiti. Buxtun hakuamini. Aliomba nyaraka Kituo cha Kudhibiti Magonjwa, Atlanta, kama mfanyakazi yeyote alivyoruhusiwa, na zikaletwa kwa posta.

Tofauti ya mahali aliposimama inaonekana hapa. Kwa Rivers, kaswende isiyotibiwa ilikuwa kazi yenyewe. Kwa Buxtun ilikuwa kinyume cha kazi. Hakuhitaji falsafa ili aone mgongano, kwani maelezo ya ajira yake yalimtosha. Hakuwa na mgonjwa hata mmoja wa Macon ambaye angempoteza kwa kusema. Alikuwa kijana mzungu asiye na mke wala watoto. Alikwenda maktaba akasoma kumbukumbu za Nuremberg, akaandika ripoti ya kulinganisha, akampa mkubwa wake wa kazi. Kama alivyosimulia baadaye, mkubwa huyo alimwomba kwamba watakapokuja kumfukuza, asimtaje, kwa kuwa yeye ana mke na watoto na anaitaka kazi yake. Ombi hilo halina unafiki ndani yake. Mtu huyo alikwisha kuelewa kwamba ripoti ni ya kweli, na ndiyo maana aliogopa.

Novemba 1966 Buxtun alimwandikia William Brown, mkuu wa kitengo cha magonjwa ya zinaa. Mwaka 1967 aliitwa Atlanta, ambako Cutler alimgombeza mbele ya wengine kama mtu asiyejua thamani ya sayansi. Mwaka huohuo aliacha kazi akaenda kusomea sheria. Novemba 1968, miezi michache baada ya kuuawa kwa Martin Luther King na miji kadhaa kuwaka moto, aliandika tena, safari hii akionya kwamba utafiti wa watu weusi pekee utakuwa na athari za kisiasa zisizopimika. Barua hiyo ya pili ilileta mkutano. Inasikitisha kutambua kwamba hoja ya haki haikutosha mwaka 1966, ila hoja ya hatari kwa idara ilitosha mwaka 1968.

Tarehe 6 Februari 1969 jopo la madaktari, wote wazungu, liliketi Atlanta. Hapakuwa na mwakilishi wa wagonjwa wala mtaalamu wa maadili. Mmoja tu kati yao, Gene Stollerman, alishikilia kwamba wagonjwa watibiwe. Wengine walijadili iwapo penisilini ingewadhuru wazee hao, na jinsi nafasi ya kisayansi ya aina hii isivyoweza kurudi tena. Kuhusu ridhaa walikata shauri kwamba elimu ndogo ya wagonjwa iliwazuia wasiweze kuitoa kwa kuelewa, hivyo ridhaa iombwe kwa niaba yao kutoka kwa chama cha madaktari cha wilaya. Chama hicho, ambacho wakati huo wanachama wake wengi walikuwa weusi, kiliunga mkono.

Kwa hiyo mfumo ulifanya kazi kama ulivyoundwa. Lalamiko lilipokelewa, likachunguzwa na wataalamu, likatolewa uamuzi, washikadau wa mahali wakashirikishwa. Kila hatua ambayo leo huorodheshwa katika miongozo ya maadili mahali pa kazi ilifuatwa kwa namna fulani, na matokeo yakawa kuendelea kwa utafiti. Kasoro ilikuwa katika nani aliitwa mezani. Buxtun, alipoona njia za ofisi zimefika mwisho, alimweleza rafiki yake Edith Lederer, mwandishi wa Associated Press, ambaye shirika lake lilimkabidhi Heller habari hiyo. Miezi minne baada ya habari kuchapishwa, Novemba 1972, utafiti ulisimamishwa. Washiriki 74 wenye kaswende walikuwa bado hai.

Mengine yanajulikana na yanaweza kutajwa kwa ufupi. Wakili Fred Gray, mtetezi wa Rosa Parks wa zamani, aliishtaki serikali mwaka 1973, na mwaka uliofuata kesi ilimalizwa kwa fidia ya takriban dola milioni 10. Sheria ya Utafiti ya mwaka 1974 ilileta kamati za kupitia tafiti, na Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979 ikatoa misingi yake. Tarehe 16 Mei 1997 Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa. Rivers, aliyefariki mwaka 1986, hakuishtakiwa wala hakutajwa katika radhi hiyo.

Dar es Salaam na Kampala, 1997

Miezi minne baada ya radhi ya Clinton, jina la Tuskegee lilivuka bahari likatua Afrika Mashariki. Mwaka 1994 ilikuwa imethibitika kwamba dawa ya AZT, ikitolewa kwa mpango mrefu na wa gharama kubwa, hupunguza kwa takriban theluthi mbili maambukizi ya virusi vya UKIMWI kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Tafiti zilianzishwa katika nchi maskini, miongoni mwake utafiti uliojulikana kwa jina la PETRA uliofanyika Tanzania, Uganda na Afrika Kusini, ili kujua kama mpango mfupi na wa bei nafuu ungefaa. Kundi moja la akina mama lilipewa vidonge visivyokuwa na dawa ndani yake. Septemba 1997 Marcia Angell, mhariri wa jarida la tiba la New England, alizifananisha tafiti hizo na Tuskegee. Mwezi uliofuata zilitetewa katika jarida hilohilo na Harold Varmus pamoja na David Satcher. Satcher alikuwa daktari mweusi, mzaliwa wa Alabama, na wakati huo mkurugenzi wa Kituo cha Kudhibiti Magonjwa, taasisi ileile iliyosimamia utafiti wa Macon katika miaka yake ya mwisho.

Ulinganisho wa Angell ulikuwa na upungufu. Akina mama wa Kampala na Dar es Salaam walielezwa kwamba wamo katika utafiti, jambo ambalo wakulima wa Macon hawakuelezwa, na lengo lilikuwa tiba ambayo nchi zao zingeimudu. Watafiti wa Uganda walijibu kwa ukali kwamba wao wenyewe wanajua mahitaji ya nchi yao. Hata hivyo, hoja kuu ya utetezi ilikuwa kwamba bila utafiti akina mama hao wasingepata AZT kwa vyovyote, na mtu aliyesoma barua za Clark za mwaka 1932 hawezi kuisikia hoja hiyo bila kushtuka. Februari 1998, matokeo ya utafiti wa Thailand yalipoonyesha kwamba mpango mfupi unafaa, uandikishaji katika makundi ya vidonge visivyo na dawa ulisimamishwa.

Katika majibizano hayo yaliyochapishwa, waliozungumza ni wahariri, wakurugenzi na maprofesa. Muuguzi aliyekabidhi vidonge kliniki bila kujua ndani yake kuna nini, na aliyeulizwa na mama kama mtoto atapona, hasikiki. Rivers angalau alihojiwa mwaka 1977, akiwa mzee, na kanda zake zimehifadhiwa. Mahojiano ya namna hiyo na wauguzi waliofanya kazi katika kliniki za Afrika Mashariki katika miaka ya 1990 bado yanaweza kufanywa, kwa kuwa wengi wao ndio kwanza wanastaafu.